Mpangaji afyeke, mwenye nyumba aokote korosho: kazi ya uwani ni ya nani?

#1 Mkazi wa Chuno
Wakuu salaam. Naomba tulijadili hili bila matusi.

Nimepanga nyumba nzima huku Chuno, Mtwara mjini. Uwani kuna mikorosho miwili, mwembe, minazi, na mbele kuna uzio wa michongoma. Mkataba wetu ni ukurasa mmoja: kodi, umeme, maji, notisi. Habari za uwani hazimo kabisa.

Mvua zikishika Desemba, majani yanakufika magotini kabla hujageuka. Nafyeka mimi, au namlipa kijana. Michongoma nakata mimi. Mwenye nyumba anakaa Magomeni na hajawahi kuleta hata reki. Ikifika Oktoba, alfajiri geti linagongwa: yeye na wajukuu na viroba. Wanaokota, wananyonga korosho kutoka kwenye mabibo (lile tunda laini la mkorosho), korosho zinaingia kirobani, mabibo yanabaki chini. Kesho yake yameanza kuchacha, nzi na nyigu mpaka mlangoni, na anayeyazoa kwa koleo ni mke wangu.

Kazi ya uwani kwenye nyumba ya kupanga ni ya nani? Na anayeifanya ana haki gani kwenye kinachozaa?

#2 Kipara wa Ligula
Mkuu, umepanga nyumba, hukupanga shamba. Hiyo mikorosho uliikuta, na utaiacha ukihama. Fyeka njia yako ya kupita, mengine muachie mwenyewe.

#3 Binti Mikindani
#2 sikubaliani na wewe. Mimi nilipoletwa kwenye nyumba ninayokaa sasa, dalali alianza na mwembe kabla hajafungua mlango. "Dada, kivuli hiki, embe hizi, watoto watafurahi." Nikalipa kodi kubwa kuliko nyumba ya jirani isiyo na mti. Kama mwembe ulitumika kupandisha kodi, basi embe nimeshazilipia.

#4 Dalali Rahaleo
Binti Mikindani, hujakosea, ndivyo tunavyouza. Ila ngoja nieleze ilivyo kwenye kazi yetu.

Kuna nyumba za aina mbili hapa mjini. Shangani kule viwanja vikubwa, nyumba za zamani, bustani za maua. Kipindi cha gesi, miaka ya 2012 na 2013, wageni wa makampuni walipojaa Mtwara, mwenye nyumba wa Shangani alikuwa anaweka mtunza bustani ndani ya kodi. Mgeni hashiki fyekeo. Wale walipoondoka kodi zikashuka, mtunza bustani akaondolewa, bustani ikabaki. Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa, kwa sababu mpangaji mpya alikuta kiwanja kinachohitaji mtu wa kudumu na hakuna wa kumlipa.

Aina ya pili ni hizi zetu za Chuno, Chikongola, Magomeni. Huku mimi nawaambia wateja wangu: kilicho chini ya goti ni cha mpangaji, kilicho juu ya kichwa ni cha mwenye nyumba. Majani, kufagia, maua, vyako. Tawi linaloegemea bati, mnazi unaotaka kuangusha nazi, vyake. Sijawahi kuona pande zote mbili zikilalamika kwa mpango huo.

#5 Kipara wa Ligula
Na kilicho kati ya goti na kichwa? Michongoma ya mtoa mada inafika kifuani.

#6 Dalali Rahaleo
Hiyo mnakaa mnazungumza.

#7 Mzee wa Naumbu
Vijana, hili ni la zamani kuliko mikataba yenu. Huku pwani mti na ardhi si lazima viwe na mwenyewe mmoja. Unaweza kukuta kiwanja cha Fulani, minazi ya shangazi yake, na kila mmoja anajua chake. Ndiyo maana wazee walikuwa wanasema ukimuazima mtu ardhi apande mihogo, apande mpunga, lakini asipande mnazi wala mkorosho. Akishapanda mti wa kudumu ameweka mkono kwenye ardhi, na watoto wake watakuja kudai.

Kwa hiyo mpangaji kufyeka hakumpi mti. Anayekula mti ni aliyeupanda au aliyeurithi. Lakini adabu nayo ilikuwepo: ukija kuangua nazi kwenye ua wa mtu, unapiga hodi, unamuachia kadhaa za kupikia, na makumbi unaondoka nayo. Huyo mzee wa Magomeni kinachomkosesha ni hayo mabibo aliyoyaacha chini.

#8 Mkazi wa Chuno
Mzee shikamoo. Angeniachia hata sado moja (kopo la kupimia) ya korosho, huu uzi usingekuwepo.

#9 Wakili Mdogo
Nichangie upande wa sheria kwa ufupi.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inapotaja ardhi inajumuisha majengo na vitu vinavyoota vyenyewe juu yake. Sheria hiyo hiyo ina masharti yanayohesabika yamo kwenye kila mkataba wa upangaji hata kama hamkuyaandika. Moja ni kwamba mwenye nyumba atamuacha mpangaji akae kwa utulivu bila kuingiliwa, ili mradi analipa kodi na kufuata masharti. Kwa upande wake mpangaji anatakiwa kutunza majengo katika hali ya kuridhisha.

Kuingia alfajiri na viroba bila taarifa kunagusa ule utulivu, hata kama korosho ni zake. Kwenye matunda yenyewe, hoja yangu ni kwamba uliyempangisha eneo umempa na matumizi yake, mpaka uandike vingine.

#10 Kipara wa Ligula
Hapo Wakili umeruka. Wengi tunapangishwa "nyumba yenye vyumba vitatu". Kiwanja hakitajwi. Wewe unasema uwani umo ndani, mimi nasema tumepewa njia ya kupita na pa kuanikia nguo.

#11 Wakili Mdogo
Kipara, hoja yako inasimama, na mwanasheria wa mwenye nyumba angeanza nayo hiyo hiyo. Kinachotazamwa ni maneno ya mkataba na jinsi mlivyoishi. Kama ua una uzio na geti na ufunguo anao mpangaji peke yake, ni vigumu kusema hakupewa ua.

#12 Baba Mangamba
Mimi ni mwenye nyumba, na kwenye uzi huu naona tunasemwa sana. Sikilizeni na upande wa pili.

Nilijenga Mangamba, nikapangisha, nikahamishiwa kazi mkoani Ruvuma. Niliporudi kuangalia nyumba nilikuta mwembe wangu wa dodo umebaki kisiki. Mpangaji alisema ulikuwa unaleta popo. Magogo aliuza, mimi sikuambiwa. Nyuma ya nyumba mihogo imepandwa mpaka kwenye msingi, tuta limeegemea ukuta, maji ya mvua yanatuama pale, plasta imeanza kupukutika. Mwembe ule niliupanda kabla sijamwaga zege. Ndiyo maana mkataba wangu wa sasa unasema: usikate mti, usilime karibu na msingi, majani yasizidi kiwango. Na matunda ni yangu, nitakuja kwa taarifa.

#13 Binti Mikindani
Pole Baba Mangamba, hilo la kukata mwembe halina utetezi. Lakini "majani yasizidi kiwango" ni kiwango gani? Januari huku nyasi hazingoji mtu.

#14 Baba Mangamba
Nimeandika "yasifike kwenye dirisha".

#15 Kipara wa Ligula
Dirishani! Hapo nyoka ameshajenga na kuoa.

#16 Mama Zamu Mtanda
Habari kutoka Lindi. Nyinyi mna nyumba nzima, sisi tuna nyumba moja wapangaji watano na ua mmoja. Hapa mwenye nyumba haulizwi kabisa. Kuna zamu ya kufagia, karatasi imebandikwa mlango wa choo. Kila mtu na siku yake, fagio la chelewa linakabidhiwa jioni.

Tatizo ni kaka mmoja wa chumba cha mwisho. Anatoka alfajiri, anarudi usiku, anasema yeye hachafui uwani. Lakini majani ya mwarobaini yanaanguka hata akiwa kazini, na kivuli chake Jumapili anakaa yeye na rafiki zake. Tulikubaliana mwisho: asiyeshika fagio analipia kijana wa kufyeka kipindi cha mvua. Amelipa mwezi mmoja, wa pili anasema tumemuonea. Nyinyi mnafanyaje?

#17 Afya ya Kata
Mama Zamu, karatasi yenu endeleeni nayo. Niwakumbushe wote kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima, na viongozi wa mtaa wakipita hawaulizi hati ya nyumba. Wanamuuliza aliyewafungulia mlango. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 imewapa wamiliki na wakaaji wote wajibu wa usafi wa eneo. Makubaliano yenu ya ndani ni yenu, lakini kwa bwana afya mkaaji hawezi kusema "mwambieni mwenye nyumba".

Nyasi zikiachwa ndefu ndiyo maana malaria haiishi huku kusini.

#18 Bwana Ubwiri
Afya ya Kata, kidogo tu hapo mwisho. Mbu wa malaria anazaliana kwenye maji yaliyotuama, hazaliani kwenye nyasi. Nyasi zinampa pa kupumzika mchana. Mtu anaweza kufyeka mpaka udongo uonekane, akaacha madimbwi nyuma ya nyumba, mbu wakabaki pale pale.

#19 Afya ya Kata
Sahihi, asante. Anzeni na madimbwi na makopo, nyasi zifuate. Na nyasi fupi zina faida nyingine: nyoka anaonekana. Nyoka anafuata panya, panya anafuata takataka na korosho zilizosahaulika chini.

#20 Mkazi wa Chuno
Kuna jambo sikulisema. Kabla ya Oktoba kuna salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Julai mwenye nyumba analeta kijana mwenye mashine mgongoni, saa kumi na mbili asubuhi, madirisha yako wazi. Mashine inaunguruma, unga wa njano unapanda juu ya mikorosho unashuka kila mahali. Ndoo za maji zilizokingwa usiku zinapata utando wa njano juu. Nguo za shule kwenye kamba zinafuliwa upya. Mwanangu mdogo anakohoa siku nzima. Hakuna aliyeniambia jana yake kwamba kesho tunapulizia.

#21 Bwana Ubwiri
Mimi kazi zangu ni za mikorosho, nieleze kwa nini ni alfajiri. Salfa ya unga inapulizwa upepo ukiwa umetulia na umande bado upo, ili ishike kwenye maua na majani machanga. Jua likipanda upepo wa bahari unaibeba yote. Ni kinga ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Usipopulizia msimu mbaya, mti unatoa maua mengi na korosho za kuhesabu.

Kwa hiyo saa ya alfajiri ina sababu, lakini kutokuambiwa hakuna sababu. Siku moja kabla, funikeni maji, anueni nguo, fungeni madirisha, watoto wapelekwe kwa jirani. Mpuliziaji naye avae barakoa na miwani, salfa inawasha macho vibaya.

Na tufahamu kitu kingine. Mkorosho unahudumiwa: kufyekea chini, kupogolea, kupulizia. Kufyekea kabla ya korosho kuanza kudondoka kunafanywa ili zionekane. Mpangaji anayefyeka Septemba amemaliza sehemu ya kazi ya shamba. Shambani kazi hiyo ina malipo.

#22 Kipara wa Ligula
Hapo Bwana Ubwiri umenisogeza kidogo. Basi amlipe ya kufyeka, achukue korosho zake. Bado matunda hayajawa ya mpangaji.

#23 Mtoto wa Newala
Mnagombania mikorosho miwili! Ila bei ndiyo inachonganisha watu. Mwaka 2018 serikali ilinunua kilo kwa shilingi 3,300, na kwenye minada ya Oktoba 2024 kilo ilivuka shilingi 4,000. Wakati korosho haina bei hakuna mwenye nyumba aliyekumbuka mkorosho wa Chuno.

Mtoa mada, hata ukizipata utaziuza wapi? Korosho ghafi inapita chama cha msingi cha ushirika, mfumo wa stakabadhi ghalani, mnadani. Usije ukawapa kangomba, wale wanunuzi wa magendo, kwa bei ya kutupa, ukaingia matatani kwa kilo chache. Bangua, kaanga, kula na watoto.

#24 Binti Mikindani
Na mabibo mkamue juisi badala ya kuyaacha yaoze. Watani zangu wa Newala watataka uraka, ile pombe ya mabibo, msiwape.

#25 Mtoto wa Newala
Tumeonewa tena.

#26 Mlindi Ughaibuni
Nipo Uingereza, nimepanga nyumba yenye bustani. Huku kwa kawaida mpangaji anakata nyasi, anang'oa magugu, anaacha bustani kama alivyoikuta. Miti mikubwa na kazi za kupanda ngazi huwa za mwenye nyumba. Mpangaji habadilishi bustani, hata kung'oa ua, bila ruhusa. Kinachosaidia ni orodha ya hali ya nyumba siku ya kuingia, yenye picha, bustani ikiwemo. Siku ya kutoka mnalinganisha.

Na ile dhamana unayolipa mwanzo, tangu 2007 mwenye nyumba wa England na Wales hana ruhusa ya kukaa nayo kienyeji. Anatakiwa aiandikishe kwenye mfuko unaotambulika, na sasa muda wake ni siku 30. Mkigombania nyasi, kuna mtu wa kati anayeamua kwa kutazama picha.

#27 Dalali Rahaleo
Hilo la picha tuige. Simu anayo kila mtu. Piga uwani pande zote nne siku unapokabidhiwa ufunguo, mtumie mwenye nyumba WhatsApp hapo hapo. Hiyo ya dhamana huku kwetu bado, wengi wanachukua kodi ya miezi sita mbele na basi.

#28 Msafiri wa Nachingwea
Mmesahau mazao ya mpangaji mwenyewe. Nilipanda mbaazi pembeni ya uzio Januari, kwa ruhusa ya mdomo. Juni nikapewa notisi, mtoto wa mwenye nyumba anaoa anahitaji nyumba. Mbaazi ndiyo zinaanza kutoa maua. Nikaomba nirudi kuvuna Agosti, nikaambiwa sawa. Nimerudi, nimekuta mabua. Bibi harusi alishapika.

#29 Mzee wa Naumbu
Hiyo ni dhuluma. Mazao ya msimu ni ya aliyepanda, hata ardhi ikirudi kwa mwenyewe anasubiri avune. Mpeleke baraza la kata wamhukumu alipe.

#30 Wakili Mdogo
Mzee, hapo kumebadilika. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa kuwapatanisha, mgogoro wa ardhi unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa debe moja la mbaazi, usuluhishi unatosha, na mara nyingi mtu akiitwa tu anarudisha.

Jambo jingine: mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya pango la mwaka. Mkataba usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi. Watu wanafika mbele ya baraza na karatasi nzuri isiyotumika.

#31 Kipara wa Ligula
Kama ni kulipia cha mwenzio, kodi ya jengo kwenye LUKU tangu 2021 inakatwa kwa anayenunua umeme. Jengo si langu, nakatwa mimi.

#32 Wakili Mdogo
Wajibu wa kodi hiyo ni wa mwenye jengo. Kakubaliane naye uipunguze kwenye pango. Uzi mwingine huo, mkuu.

#33 Mkazi wa Chuno
Asanteni sana wote. Nimekaa na mwenye nyumba jana baada ya swala ya alasiri, nikiwa na hoja zenu. Tumefika hapa: majani na kufagia nabaki nayo. Kupogolea, minazi na salfa ni vyake, na salfa kwa taarifa ya siku moja. Kufyeka kwa Septemba atalipa yeye. Korosho amegoma kabisa kugawa, ila mabibo wataondoka nayo. Anataka tuandike haya kwenye mkataba mpya.

#34 Binti Mikindani
Umekubali upesi. Ungedai mkorosho mmoja kwa mmoja.

#35 Kipara wa Ligula
Amepata zaidi ya haki yake.

#36 Mzee wa Naumbu
Mwanangu wa Chuno, kabla hamjaandika, ulimuuliza mikorosho hiyo aliipanda nani?

#37 Mkazi wa Chuno
Mzee, niliuliza. Ilipandwa na marehemu kaka yake kabla nyumba haijajengwa. Watoto wa marehemu wapo, mmoja anakaa hapa hapa Chikongola.

#38 Wakili Mdogo
Basi usitie sahihi kifungu chochote kinachosema korosho ni za nani. Andikeni kazi tu: nani anafyeka, nani anapogolea, nani anazoa mabibo, taarifa ya salfa. La matunda walimalize wao wenyewe kwanza.

#39 Mtoto wa Newala
Naunga mkono. Na huyo wa Chikongola apewe taarifa mapema, maana Oktoba haiko mbali.